Jinsi ya kuiomba orodha ya mbolea ya ruzuku kijijini kwenu, kuisomesha mkutanoni na kuikagua: mwongozo kamili

Siku orodha inasomwa kijijini kwetu huku Handeni, mtendaji alifika katikati ya ukurasa wa pili akataja jina la mjomba wangu, eka 12, mifuko 24, yote imeshachukuliwa. Pakawa kimya. Bibi mmoja aliyekaa pembeni na ukili wake anasuka akasema, wala hakupaza sauti, "Huyo si tulimzika mwaka juzi? Mbolea kaifuata saa ngapi?" Watu wakaangua kicheko, mi sikucheka ila hapo ndo nikaelewa kitu. Kwenye kompyuta mstari wa mjomba ulikuwa msafi kabisa, jina lipo, kitambulisho kipo, namba ya simu ipo, mkaguzi yeyote angeupita. Bibi na ukili wake aliukamata kwa sekunde tatu.

Kwahiyo mwongozo huu haukufundishi kupiga kelele Dodoma, unakufundisha namna ya kuifanya ile orodha isomwe mbele ya watu wanaojua nani kafa, nani kahamia Dar na nani hajawahi kulima zaidi ya kibustani cha mchicha. Nimeandika kwa kutumia mbolea mana ndo niliyopitia, ila wa Mkinga, Muheza, Pangani mpaka Bagamoyo wenye mikorosho nanyi someni, salfa ya ruzuku, ile dawa ya mikorosho, inapita AMCOS, yaani chama cha ushirika cha mazao, na kinachohesabiwa ni mikorosho badala ya eka, lakini njia za kuuliza ni zilezile.

Elewa kwanza hela inapita wapi

Wengi wanadhani ruzuku ni hela anayopewa mkulima. Hapana, mkulima haigusi. Mpango wa sasa ulizinduliwa Nane Nane ya 2022 kule Mbeya, Serikali ikatenga bilioni 150 kwa msimu wa 2022/2023, na unasimamiwa na TFRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea. Wewe unajiandikisha kijijini, jina, kitambulisho, simu, ukubwa wa shamba na zao. Unapata namba ya usajili kwenye simu. Ukienda kwa wakala unampa namba, anaiingiza kwenye mfumo, unalipa ile bei ya ruzuku unabeba mfuko wako, na ile tofauti ya bei Serikali inailipa huko juu kwa kampuni ya mbolea.

Msimu ule wa kwanza DAP ya kupandia, mfuko wa kilo 50, ilikuwa imefika 131,000 hivi ikashushwa kwa mkulima hadi 70,000, Urea ya kukuzia ilikuwa 124,000 hivi nayo ikawa 70,000. Sasa rudi kwa mjomba. Eka 12, kila eka mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia, piga hesabu ya ile tofauti unakuta milioni moja na laki tatu na ushee, kwa jina moja la mtu aliye kaburini. Jina ndo ufunguo wa hiyo hela, na mwenye laini ya simu iliyoandikwa kwenye hilo jina ndo mwenye ufunguo. Mfuko ukishatoka dukani kwa 70,000 mtu akauuza kwa bei ya mtaani kwa asiye na namba, hapo hata shamba hahitaji.

Uchungu zaidi ni kwamba mtoto wa mjomba, binamu yangu, hakuwa amejiandikisha, alikuwa ananunua kwa kilo anapimiwa kwenye rambo kwa bei ya mtaani, na huku jina la baba yake linakula ruzuku ya eka 12. Mjomba mwenyewe alilima eka 3 maisha yake yote, moja na nusu ya hizo mihogo.

Haya mambo hayajaanza jana

Ntagusia tu. Wakubwa mnakumbuka vocha, zile za 2008/2009 mpaka 2013/2014, kaya inapewa vocha tatu, ya mbegu, ya mbolea ya kupandia na ya kukuzia, kwa eka moja, nusu ya bei unajazia mwenyewe. Kijiji kilichagua kamati ya vocha na majina yakapita mkutanoni. Na bado watafiti waliochunguza vijiji vya Kilimanjaro wakaja kuandika 2012 kwamba asilimia 60 hivi ya vocha ziliishia kwenye kaya za viongozi wa kijiji wa kuchaguliwa. Maana yake mkutano peke yake sio dawa. Kama orodha inasomwa harakaharaka saa kumi na mbili jioni watu wanawahi kufunga mbuzi, hiyo haijasomwa.

Ila kuna mfano mzuri upo hapohapo kijijini kwenu, TASAF. Majina ya kaya maskini yanasomwa mkutano wa hadhara na watu wanasema huyu anastahili huyu hastahili, tena mbele yake mwenyewe. Kwahiyo mtu akikwambia majina ya mbolea ni siri ya Serikali muulize kwa upole, umaskini wangu mlinisomea hadharani, mifuko ya mbolea ndo iwe siri?

Hatua ya kwanza: anza na jina lako mwenyewe

Usianze na jirani. Nenda ofisi ya kijiji na kitambulisho na simu yako, omba kuona wewe umeandikwaje kwenye daftari la wakulima. Angalia eka, angalia zao, angalia namba ya simu tarakimu kwa tarakimu. Mimi nilikuta eka zangu 4 zimekuwa 14, na sikuzichukua ile mifuko ya ziada, ila ilikuwa imestahilishwa kwa jina langu na ipo pale inasubiri mtu. Inawezekana ni kidole tu kilitereza kwenye kishikwambi, sikatai. Omba irekebishwe palepale na andika tarehe uliyoomba.

Faida ya kuanza na lako ni mbili, kwanza unajifunza hiyo karatasi ina safu zipi, pili hakuna atakayekwambia umetumwa. Mtu anayefuatilia namba yake mwenyewe hana siasa.

Hatua ya pili: jua unaomba nini hasa

Hapa ndo wengi wanakwama, wanaenda wanasema "tunataka uwazi wa mbolea", mtendaji anawajibu upo, karibuni chai, mnaondoka. Omba safu hizi na uzitaje: jina, kitongoji, ukubwa wa shamba, mifuko aliyostahili, mifuko iliyochukuliwa, tarehe iliyochukuliwa. Basi. Mifuko iliyostahili bila iliyochukuliwa haikusaidii kitu, ile ni ahadi tu, na watu watakuonyesha hiyo kwanza mana ndo nyepesi kutoa.

Namba za NIDA na namba za simu usiombe, tena andika kabisa kwamba huzitaki. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na ukiomba hivo vitu umempa mtu sababu ya kukunyima vyote. Alafu fikiria tu, orodha ya wakulima mia tatu na namba zao za simu ikivuja kwenye grupu la WhatsApp, wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii" watakuwa wamepata mavuno kuliko nyie.

Faragha ni hoja ya kweli na sio ya kukwepa. Kule Ulaya walikuwa wanachapisha majina yote ya wanaopata ruzuku ya kilimo, wakulima wa Ujerumani wakaenda mahakamani, na Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema kuanika watu binafsi wote bila kubagua wa kidogo na wa kikubwa kumezidi. Hawakuacha kuchapisha moja kwa moja, 2013 wakaja na utaratibu mwingine, majina yatoke na kiasi na eneo analoishi, ila anayepata euro 1,250 au chini yake jina lake lisitajwe. Marekani nako kuna taasisi ya kiraia imeweka malipo ya ruzuku kwa majina kuanzia 1995, unaingia unatafuta wilaya yako unamuona jirani.

Hii ya Ulaya ilinisaidia kwa jambo ambalo sikulitegemea. Siku mbili kabla ya mkutano mama mmoja alinifuata nyumbani, akakaa, akanyamaza, akaniambia mwanangu hizo eka mtazisoma? Kumbe ana eka 2 alizoachiwa na mama yake upande wa pili wa mto, kazisajili kwa jina lake, na mume hajui kwamba analima huko kwa ajili ya ada za watoto. Nilikosa la kumjibu. Tukaenda kwa mwenyekiti bila kumtaja mtu, tukapendekeza wenye chini ya eka 5 lisomwe jina na mifuko iliyochukuliwa tu, kuanzia eka 5 kwenda juu ndo eka nazo zitajwe. Mwenyekiti akakubali kwa sababu yake mwenyewe, alisema itapunguza muda. Mimi naona kila kijiji kiweke mstari wake namna hiyo, mana mchezo hauko kwenye eka mbili.

Hatua ya tatu: ongea, alafu andika

Anza kwa mdomo. Shikamoo yake mpe, mtendaji wa kijiji mara nyingi ni kijana, kapangiwa kutoka mkoa mwingine, anasimamia shule, choo, uchaguzi, mwenge na mbolea, na karatasi anazonunua kwa hela yake. Mwambie unachotaka na kwa nini. Wengine wanakupa hapohapo, na hapo mwongozo wako umefupika.

Akisema subiri, subiri wiki moja kisha andika barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia wa Tanzania haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30 kama taarifa ipo na kama unapewa. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kuomba kwa mdomo na ofisi ndo imuandikie. Wanaweza kukutoza gharama ya kutoa nakala, lipa ila omba risiti.

Barua yangu ilikuwa fupi hivi, chukua ubadilishe:

"Yah: Maombi ya orodha ya wanufaika wa mbolea ya ruzuku, msimu wa …

Mimi ni mkazi wa kitongoji cha …, kijiji cha …, raia wa Tanzania. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba nakala ya orodha ya wakulima wa kijiji chetu waliosajiliwa kupata mbolea ya ruzuku kwa msimu uliotajwa hapo juu, ikionyesha jina, kitongoji, ukubwa wa shamba, mifuko aliyostahili mkulima, mifuko iliyochukuliwa na tarehe ya kuchukuliwa. Siombi namba za vitambulisho wala namba za simu za mtu yeyote. Naomba pia orodha hiyo iwekwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji unaofuata."

Iandike kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya wilaya yako, kupitia mtendaji wa kata, kupitia mtendaji wa kijiji. Sababu ni kwamba kijijini kuna daftari la usajili, ila ya nani kanunua lini ipo kwenye mfumo, na watu wa idara ya kilimo halmashauri ndo wa kuifuatilia. Nakala mpelekee diwani. Toa kopi mbili, moja inabaki kwao na ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Huo muhuri ndo saa yako, bila muhuri utahangaika kuthibitisha siku 30 zilianza lini hata kama uliikabidhi mkononi mbele ya mashahidi kumi. Mimi mara ya kwanza niliiacha mezani kwa sababu mtu wa muhuri alikuwa kaenda msibani, na wiki sita baadae hakuna aliyekuwa anaikumbuka. Kosa langu, nikaanza upya.

Kitu kimoja uwe makini, ukishapata taarifa usiibadilishe hata neno. Sheria hiyohiyo imefanya kupotosha taarifa uliyopewa kuwa kosa la jinai lenye kifungo. Ukitaka kuongeza maoni yako yaandike karatasi nyingine.

Hatua ya nne: mkutano mkuu wa kijiji

Mkutano mkuu ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea na unatakiwa uitishwe kila miezi mitatu, hapo mapato na matumizi ya kijiji yanasomwa. Najua vijiji vingi mkutano ni wa nadra kama mvua ya Januari. Ndo mana barua yako imeomba ajenda mapema. Usiivizie kwenye "mengineyo", huko kwenye mengineyo watu wameshasimama wanakung'uta kanga, mwenyekiti anasema tumelichukua, imeisha hiyo.

Nenda kwa mwenyekiti kabla, na ongea na wenyeviti wa vitongoji mmoja mmoja, mana hao wakijisikia wameviziwa watakuwa wa kwanza kukuvurugia. Sisi tuliwaambia ukweli, kwamba wao ndo walioandikisha watu kwenye vitongoji vyao na majina ya uongo yakitoka wataonekana wao, bora wayaseme wenyewe. Wawili walikuja usiku kuomba kurekebisha kabla ya mkutano. Sikuwauliza zaidi.

Siku yenyewe panga hivi. Asubuhi, sio jioni. Isomwe kitongoji kimoja kimoja, watu wa kitongoji hicho wakae mbele, mana wa Kitongoji A hawajui marehemu wa Kitongoji B. Msomaji awe na sauti, na sio lazima awe mtendaji, kwetu tulimpa mwalimu wa shule ya msingi vitongoji viwili vya mwisho baada ya mtendaji kukauka koo. Kila jina linasomwa, anatulia kidogo, anasoma linalofuata. Hako katulizo ndo kazi yote ilipo. Mtu awe na daftari pembeni anaandika jina lililozuiwa na sababu kwa maneno machache, na hayo maneno yaingie kwenye muhtasari wa mkutano. Kisichokuwa kwenye muhtasari hakikusemwa.

Na mwenyekiti atangaze mwanzoni kabisa kwamba leo hatumtafuti mwizi, tunasafisha daftari. Mnaweza kuona ni maneno ya kupoza tu, ila bila hayo jina la pili tu likizuiwa mkutano unageuka ugomvi wa mipaka ya mashamba wa tangu 1987.

Hatua ya tano: namna ya kuisoma ile karatasi

Marehemu na waliohama watajitokeza wenyewe mkutanoni. Lakini usikimbilie kuhukumu. Kwetu alitajwa marehemu wa pili, watu wakaanza kuguna, mjane wake akanyanyuka akasema laini ya mume wangu ninayo mimi, shamba nalima mimi, mifuko 4 nimechukua mimi na mkitaka njooni muione kwenye mahindi. Kweli bwana, hakuwahi kubadilisha usajili tu, hajui hata unabadilishwaje. Wa mjomba wangu ulikuwa mwingine, ile namba ya simu kwenye usajili wake haikuwa yake, haikuwa ya binamu wala ya mtu yeyote wa ukoo. Marehemu wawili kwenye karatasi moja, na bila wanakijiji kusema usingejua yupi ni yupi.

Eka ndo zinazosema zaidi. Jumlisha eka zote za kitongoji. Wazee wa Handeni wanajua kitongoji chao kinalima kiasi gani, kuna msitu, kuna mbuga ya ng'ombe, kuna shamba la mkonge linapakana, na jumla ikizidi ardhi yenyewe hapo hakuna mjadala. Alafu kumbuka wengi wetu huku mahindi tunayapiga bila mbolea, tunasema udongo wetu bado, sasa kitongoji ambacho hujawahi kuona mtu kabeba mfuko wa Urea kwenye baiskeli kikionyesha mifuko mia mbili imechukuliwa, jiulize imepita barabara gani.

Tarehe nazo. Mkoa wetu una mvua mbili, masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya kuanzia Oktoba. Mbolea ya mahindi inafuatwa kuzunguka miezi hiyo. Ukiona mkururo wa watu wamechukua Julai katikati ya kiangazi, tena wote siku moja kwa wakala mmoja, weka alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza nasema, mana inawezekana wakala alileta gari kijijini siku hiyo, au kikundi kilikodi kenta pamoja. Uliza waliotajwa, "mlichukua?" Wakisema ndio na mifuko ilionekana, futa alama. Wakishangaa na wao, hapo sasa.

Kuna na jina moja linalotokea mara mbili, Mohamedi Saidi na Muhamed Said, huku kwetu wanaweza kuwa watu wawili tofauti kabisa, tena mtu na binamu yake. Kitongoji kitakwambia.

Wakala usimvamie. Daftari lake la mauzo sio la kwako kulidai, kazi hiyo ina wenyewe, TFRA na maafisa wa halmashauri. Wewe unachoweza ni kuangalia bei iliyobandikwa dukani na kudai risiti yako ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kila ukinunua. Risiti za wanakijiji kumi wakiziweka pamoja tayari ni ushahidi.

Hatua ya sita: ukikwama au ukikuta jambo zito

Kwa majina ya kusafisha tu, muhtasari wa mkutano unatosha, unapelekwa kata na halmashauri ukiomba wahusika waondolewe au wabadilishwe kabla ya kuhuisha usajili wa msimu unaofuata. Fuatilia hilo la kuhuisha, mana jina lisipoondolewa kwenye mfumo mkutano wenu wote ulikuwa burudani. Familia za marehemu waende na cheti cha kifo, na mrithi aandikwe siku hiyohiyo kwa laini yake. Binamu yangu sa hivi ana eka zake 3 kwa jina lake.

Siku 30 zikipita kimya au ukinyimwa, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi ndani ya siku 30, usiporidhika tena unakata rufaa kwa Waziri. Kwa uzoefu wangu watu hawafiki huko, barua ya pili yenye kuambatanisha nakala ya ile ya kwanza na muhuri wake inatosha kufungua kabati. Na mbane diwani wako, baraza la madiwani ni kikao cha wazi, mwananchi anaruhusiwa kwenda kukaa kusikiliza, na diwani akikuona umekaa kule nyuma swali analikumbuka lenyewe.

Penye harufu ya wizi, kama ile laini ya simu isiyojulikana, hapo usifanye upelelezi wako. Piga 113 TAKUKURU, ni bure, au nenda ofisi yao ya wilaya na kopi. Ipo Sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa, lakini ulinzi wa kwanza ni kwamba usiende peke yako na usiende kimyakimya. Sisi tulienda watu saba na muhtasari wenye saini. Mpaka naandika hapa mwenye ile laini hatujamjua, tulichoambiwa ni kwamba jina limefungwa na suala linafanyiwa kazi.

Pia kila Aprili ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu zinawekwa wazi baada ya kufika bungeni, zipo bure kwenye tovuti ya ofisi hiyo. Ni kurasa nyingi ila tafuta neno mbolea na tafuta jina la halmashauri yenu, nusu saa umemaliza.

Kuibandika

Baada ya mkutano orodha iliyosafishwa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji, na nyingine pale watu wanapokaa kweli, kwetu ni kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga. Weka nailoni juu, masika haina adabu. Kupiga picha na kurusha kwenye magrupu mi sikushauri, ubaoni anasoma anayehusika, kwenye simu anasoma kila mtu, na mwaka ujao jina la mtu bado linazunguka na makosa yalishasahihishwa.

Ile ya mashine ya kusaga ilikaa wiki tatu. Kuna mtu alikuwa anakuja na kalamu anaweka tiki kwenye majina ambayo mifuko yake aliiona kwa macho, hatukumjua ni nani. Mpaka inachanika zilikuwa zimebaki kumi na moja hazina tiki, tumezinakili kwenye daftari, ndo tutakazoanza nazo kwenye mkutano wa vuli.